Mji wa Wezi Waliokufa

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Hujambo wewe na magoti yako? Mimi sijambo. Mguu umeunga vizuri na fimbo naishika kwenye ngazi tu. Mwanetu naye mzima, ingawa simwoni sana. Wodi ya watoto wachanga haina Jumapili. Anarudi, anakula amesimama, anaoga, simu inalia, anaondoka. Nyumba ina vyumba vingi kuliko watu, na tangu mumewe aondoke vingine vimefungwa kabisa.

Umeniuliza nimefikia mahali gani. Nimefikia kwa matajiri, dada. Ua wa kila nyumba umekatwa utadhani umepigwa pasi. Mbwa wana daktari wao na kinyozi wao. Barabarani hakuna mtu. Watu wapo, ila wote wamo ndani ya magari, na vioo vimepandishwa.

Kinachonichekesha ni kwamba mji wenyewe ulianzishwa na majambazi. Jirani yetu, mjane wa jaji, ndiye mkuu wa chama cha historia hapa. Siku ya kwanza alinikuta nang'oa magugu akaniuliza kama Ijumaa nina nafasi, bustani yake nayo imeota majani. Nikamwambia mimi ni baba wa daktari. Akawa mwekundu hadi masikioni, na tangu siku hiyo ananilisha historia kama mtu anayelipa faini. Zamani palikuwa na machimbo ya dhahabu. Meya wa kwanza alikuwa mwizi wa farasi. Mwanamke mmoja alifungua nyumba ya kamari akawa tajiri kuliko wachimbaji wote, na inasemekana kasuku wake alikuwa akimtajia karata za wenzake. Kila kona ina kibao cha shaba: hapa fulani alipigwa risasi, hapa fulani alinyongwa. Wanavisugua vibao hivyo mpaka vinang'aa.

Mimi nimechoka, nami sijafanya kazi yoyote. Miaka yote ile kwenye tanuri la mikate sikujua kwamba kupumzika kunachosha hivi. Bado naamka saa ile ile ya kukanda unga, halafu nakaa kitandani nikiangalia ukuta.

Usipige simu, sikio la kushoto limegoma. Andika.

Ni mimi, kaka yako.


29 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka. Afya yangu ni hii hii unayoijua. Magoti yanauma nikipanda, yanauma nikishuka, kwa hiyo nimeamua kubaki katikati. Cherehani inaniweka mjini. Shule zinafunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku moja.

Huo mji wako sijauelewa. Kwetu mwizi akifa tunashukuru kimyakimya, wao wanamwandikia kibao. Muulize huyo mjane, je, akipita mwizi aliye hai naye wanamsugua?

Kaka, nasikia uchovu kwenye mwandiko wako. Zamani ulikuwa unaandika herufi kubwa kama mikate yako. Sasa zimesinyaa. Kwani lazima ukae huko? Mguu si umepona? Nyumba hii ni ya baba na mama, ina nafasi yako. Tangu nifiwe na mume nimezoea kuongea na redio, lakini redio haijibu.

Msalimie mwanangu. Mwambie shangazi yake anasema ale ameketi.

Dada yako.


17 Aprili

Dada,

Salamu zako zimefika, na mwanao ameahidi kuketi. Aliahidi akiwa amesimama.

Nimepata dawa ya ukuta. Nikiamka naenda kutembea. Alfajiri mji huu ni mzuri, sikatai. Miti mirefu, barabara safi, ndege tu. Nasoma vibao. Nimefika mpaka pale aliponyongwa yule meya. Wamempandia maua.

Juzi lilinijia gari la walinzi wa mtaa. Likawa linanifuata nyuma polepole, kama mtu anayetaka kuuliza njia. Kijana akashusha kioo, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu, natembea. Akauliza natembea kwenda wapi. Dada, umewahi kuulizwa swali hilo ukiwa huendi popote? Nikamwonyesha nyumba. Akanisindikiza na lile gari mpaka getini, nikaingia, akangoja nifunge mlango.

Nilimsimulia mwanetu kwa mzaha. Hakucheka. Aliendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata, kisha akasema, "Baba, tembea saa nne, watu wakishaamka." Siku ya pili akaniletea koti jipya, zuri, la bei, na akaniomba nisitoke na lile langu la kahawia.

Nilishukuru nikalivaa. Lakini usiku sikujisikia vizuri. Koti langu lina ubaya gani? Nimelivaa kwenye mazishi ya mama yake. Nikajiuliza kama mtoto niliyemsomesha kwa jasho la tanuri sasa ananionea haya mbele ya majirani zake.

Sikumwambia kitu. Ila nimeamua. Mvua zikikatika narudi nyumbani.

Kaka yako.


10 Mei

Kaka yangu,

Sijambo, na leo hata magoti sijambo. Nilipofika kwenye neno narudi, nilimwita jirani nikamsomea.

Chumba cha mbele nimekiondoa vitambaa vyote. Fundi amekuja kuziba pale panapovuja, na kitanda nimekigeuza ili jua lisikuchome asubuhi. Huku utatembea saa unayotaka, na tatizo lako litakuwa kufika, maana kila mlango watakuita uingie.

Kuhusu mwanangu, nitasema na ukasirike. Amesoma mpaka akajisahau. Tangu lini mtu anambadilishia baba yake koti? Mwambie mwenyewe kwamba unaondoka na kwa nini, usimwachie kitendawili. Au nimwambie mimi.

Niandikie tarehe. Nataka kuja kukupokea.

Dada yako anayekusubiri.


2 Julai

Kaka,

Uko mzima?

Mvua zimekatika, na barabara ya kwetu imeshaanza kutoa vumbi. Sijapata barua wala tarehe. Nimevunja amri yako nikapiga simu mara tatu. Mara zote alipokea yeye akasema umelala. Mara ya tatu ilikuwa saa tano asubuhi. Wewe, mwokaji mikate, umelala saa tano asubuhi? Nikamuuliza kama unaumwa, akasema hapana shangazi, amechoka tu. Naye sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia au anayeelekea kulia.

Kama nimekukosea kwa niliyosema juu yake, nisamehe. Kama umebadili nia, sema. Mimi ni mtu mzima, nitastahimili neno lolote kuliko kimya.

Dada yako.


25 Julai

Dada yangu,

Nisamehe. Hujanikosea chochote. Siumwi. Nilikuwa nalala kweli, mchana kutwa, nimegeukia ukutani. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu ya aibu, na hata sasa naandika kwa sababu wewe ndiye uliyenifulia nguo nilipokuwa na homa ile ya utotoni. Hakuna sehemu ya mwili wangu usiyoijua.

Wiki moja baada ya barua yako ya Mei nilitoka alfajiri na koti langu la kahawia. Ukaidi tu. Nikafika penye maua ya meya, mguu ukauma, nikaketi kwenye benchi. Lile gari likaja. Si yule kijana, walikuwa wawili wengine. Wakataka kitambulisho. Kilikuwa kwenye koti jipya. Nikawaeleza mimi ni baba wa nani na nyumba ipi, wakaniambia hawajui kama yule daktari ana baba. Wakampigia. Simu hakuipokea, wodini simu zinaachwa nje kwa sababu ya wale watoto. Basi wakanipeleka kwenye ofisi yao ya getini, wakanikalisha kwenye kiti, wakasema ngoja.

Hawakunipiga, dada, wala hawakunitukana. Walikuwa wanakunywa chai. Nikaomba kwenda msalani. Wakasema ngoja mkubwa aje. Nikaomba tena. Wakasema ngoja. Unajua umri wangu. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya yule mwizi wa farasi, amevaa kofia, anacheka. Nilimtazama yeye mpaka nikashindwa kujizuia. Nilijikojolea, dada, nimeketi pale, na viatu vyangu vikajaa. Mmoja wao akafungua dirisha.

Mwanetu alifika adhuhuri, bado ana nguo za wodini na kofia yake ya kitambaa. Yule mlinzi wa mlangoni akamuuliza, "Wewe unafanya kazi nyumba gani?"

Sasa sikiliza. Kabla swali halijaisha alikuwa ameshatoa mfukoni kadi yake ya ukaazi. Hakukasirika wala hakushangaa. Aliitoa kama sisi tunavyotoa nauli. Akasema kwa sauti ya upole kwamba anaishi pale, nyumba ni yake, na kwamba amekuja kumchukua baba yake. Wakaikagua kadi mbele na nyuma.

Kwenye gari aliweka taulo lake kwenye kiti. Mimi ndiye niliyeuliza kama amezoea.

"Karibu kila wiki, Baba," akasema. "Nikitoka zamu, nikiwa na nguo hizi. Lile koti nilikununulia ili usilijue hili."

Akaegesha kando ya barabara, akaweka kichwa kwenye usukani, akalia. Nilikuwa sijamwona akilia tangu tumzike mama yake. Nilimuuliza kwa nini hahami. Akasema hospitali iko karibu, mtoto akizidiwa anafika kwa dakika chache, akihama mbali kuna siku atachelewa. Halafu akasema pia kwamba mumewe alipoondoka, majirani walikuja kumuuliza kama sasa atauza. Waliuliza kwa tabasamu, mmoja baada ya mwingine. Ndipo akaamua hatauza.

Suruali yangu aliifua mwenyewe kwa mkono. Nilimsikia bafuni, maji yanakwenda, muda mrefu.

Mjane wa jaji alikuja kuomba radhi kwa niaba ya mtaa. Akaniambia wao ni watu wa amani. Nikamwitikia. Sikuwa na nguvu ya zaidi.

Dada, nilimdhania mtoto wangu vibaya. Nilidhani ananionea haya, kumbe alikuwa ananificha jambo ambalo analibeba peke yake miaka yote hii. Nikiondoka sasa, anabaki na nani? Nashindwa kuandika sentensi inayofuata, nawe unaijua. Umeziba paa. Umegeuza kitanda.

Kaka yako.


20 Agosti

Kaka,

Nilikaa na barua yako siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Usinihesabie ubaya. Siku ya kwanza nililia kwa ajili yako, siku ya pili kwa ajili yake, na siku ya tatu, nitasema kweli, kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeshaanza kupika chakula cha watu wawili ili nizoee kipimo.

Yale uliyonieleza ya pale kwenye kiti, hayana aibu yoyote kwako. Aibu ni ya wale wenye chai. Usinigeukie ukuta tena kwa jambo kama hilo.

Sentensi uliyoshindwa kuiandika naiandika mimi: hutakuja, na mimi nimesema usije. Sisemi kwamba haiumi. Nimechoka, kaka. Nimechoka kushona, nimechoka kufunga mlango peke yangu jioni. Lakini mimi nikifunguliwa mlango wowote mtaani kwangu najulikana. Yeye hajulikani kwake mwenyewe. Kaa na mtoto.

Chumba cha mbele nimempa mwalimu mgeni wa shule. Ni mwanamke mtaratibu, anakoroma kidogo. Redio nimeizima.

Mwanangu nimemwandikia barua yake mbali na hii. Niliyoyasema juu yake nimeyaombea radhi, ingawa hakuyasikia.

Dada yako.


15 Septemba

Dada yangu,

Natumaini magoti yamekuonea huruma, na mwalimu wako naye nampa salamu. Sisi hapa tuko hivyo hivyo, tumechoka ila tuko wawili.

Barua yako ameisoma akiwa ameketi. Hakuniambia umeandika nini. Aliikunja akaenda nayo kazini.

Amewasilisha malalamiko kwa kamati ya mtaa. Wamejibu kwa karatasi nzuri kwamba wamesikitika na watalitazama. Hatungoji sana. Kamati hiyo hiyo mwezi huu inatafuta shaba ya kibao kipya.

Jumapili alipata mapumziko. Nilipoamka nilimkuta sebuleni amevaa viatu, akasema twende. Dada, amekaa mji huu miaka, na hajawahi kuutembea kwa miguu. Tulikwenda polepole kwa sababu ya mguu wangu. Vibao alikuwa anavisoma kwa sauti, cha kasuku kikamfanya acheke mpaka akashika mti. Gari la walinzi lilitokea kwa nyuma. Nikaona mkono wake unaingia mfukoni kutafuta kadi. Nikaushika mkono huo nikaukunja kwenye kwapa langu, kama wakati ule nikimvusha barabara. Hatukuongeza mwendo. Lile gari likatufuata mtaa mzima, kisha likapita.

Mbele ya iliyokuwa nyumba ya kamari kuna ngazi pana za mawe. Aliomba tuketi kidogo. Alikuwa anaanza kunieleza juu ya mtoto mmoja wa wodini aliyezaliwa mdogo kama kimkate cha sokoni, akafika katikati ya neno, akanyamaza. Kichwa kilikuwa begani kwangu. Amelala.

Bega likafa ganzi, sikulisogeza. Jua likatoka, milango ya magereji ikaanza kufunguka, watu wakawa wanapita na kutuangalia kwenye vioo. Lile gari likarudi. Safari hii alikuwa yule kijana wa kwanza. Akashuka, akaja na kidaftari chake mpaka chini ya ngazi, akafungua mdomo.

Nikamwambia, "Sema polepole, baba. Mwanangu amelala."

Akasimama. Akamtazama, akanitazama mimi. Akafunga kidaftari, akaenda kukaa ndani ya gari, akazima injini.

Kaka yako.