Chombo Kilichobeba Jina Lako

Baba, jina lako liko angani, na chombo kilichokubeba hakisemi.

Nimelitoa hilo kwanza kwa sababu limenikaa kooni siku nyingi. Sasa shikamoo. Ni mimi mwanao Saumu, nimekaa barazani kwako hapa Ngamiani, na mwandiko wangu ni uleule wa darasa la saba uliokuwa ukiwaonyesha wageni, ukisema mwanangu anaandika kama mashine. Barua hii sijui itakufikiaje. Lakini habari za mjukuu wako siwezi kumwachia mtu mwingine akusimulie, maana watu wa hapa unawajua, watazipunguza.

Mwanaidi alifanikiwa, Baba. Unakumbuka ulivyomuaga stendi anakwenda Japani, ukamwambia, "Mke wangu, zawadi sitaki, niletee habari." Basi kule chuoni yeye na wenzake wametengeneza setilaiti. Usifikirie yale madude yako ya Malindi. Hii ni kisanduku cha pande sawa, unakishika mkononi, uzito wake kama pakiti ya sukari ya kilo moja. Kikapandishwa na roketi hadi kwenye kile kituo kinachozunguka huko juu, chenye watu wanaoishi ndani, halafu kikasukumwa nje kijitegemee. Mtoto wangu mimi. Niliyemlea kwa cherehani na vitumbua. Nani mwingine katika mtaa huu, katika Tanga yote mpaka kule Horohoro, ambaye mwanawe amekishika kwa mkono kitu kilichopo angani sasa hivi? Nimeuliza sana. Sijajibiwa.

Ndani yake waliweka kibati chembamba, kila mwanafunzi achonge jina moja. Wenzake wakachonga majina yao. Yeye akachonga Bakari Athumani, Tanga. Aliponipigia simu kuniambia nilikuwa jikoni, nikakaa chini palepale sakafuni nikalia. Udongo wako ulikuwa bado mbichi.

Wewe ndiye uliyemtia wazimu huo. Sisi wanao tulikuwa tumeshachoka. Tulijua yote: ulivyovuka mpaka ungali kijana, ukapata kazi ya upishi kwa Waitaliano kule Malindi, kwenye jukwaa lao la chuma lililosimama baharini kwa miguu kama meza. La pili lilikuwa pembeni, na huko ndiko roketi zilikorukia. Ulivyokuwapo sikukuu ya uhuru wa Kenya, waliporusha setilaiti wakaiita Uhuru, ikaenda kupeleleza nyota kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Sufuria zako zikatetemeka mpaka zikatembea zenyewe. Ngamiani wakacheka. Wakakubandika jina la Mzee Roketi, na watoto wakawa wanahesabu kinyumenyume ukipita na baiskeli. Maana ulirudi na nini cha kuonyesha? Tambi. Mtu mzima wa pwani anatia chumvi na nyanya kwenye tambi, akaacha sukari na iliki kabatini.

Mwanaidi peke yake ndiye alikuwa akila zile tambi, na kila kijiko kwa hadithi yake. Ulimsimulia yule mbwa wa Warusi aliyepelekwa juu akafia hukohuko, naye akakasirika wiki nzima, hataki kusikia Mrusi. Ulimsimulia wale wawili walioukanyaga mwezi. Lakini wewe uliyempenda ni yule wa tatu aliyebaki kwenye chombo akizunguka, akifika nyuma ya mwezi hasikii mtu wala hasikiwi. Ulisema yule ndiye kama wewe, mwenye kuachwa na vyombo. Na vile viwili vilivyotumwa kwenye sayari za mbali, vikapita, vikaendelea, na mpaka leo vinatuma sauti kutoka huko ambako hata jua ni nukta. Hilo ndilo linaloniuma. Vile vizee vya huko mbali vinasema. Cha kwetu kiko hapo juu tu, kwa jirani, kinatupita kichwani mchana na usiku, kimya.

Siku kiliposukumwa nje tuliona kwenye simu ya shangazi, kinatoka taratibu kama kidonge. Nilikuwa nimeshakodi turubai. Nilipika pilau, nikaalika mtaa mzima, nikavaa ile doti mpya ya kanga, nikasimama mbele za watu nikasema uchungu wangu haukwenda bure. Watu wakala, wakapiga vigelegele. Na ulikuwa umetuambia, Baba. Ulituambia kwamba roketi ikishaondoka Waitaliano walikuwa hawagusi chakula. Walikaa wote wanatazama mezani, tambi zinaganda, mpaka habari ije kwamba huko ilikopita imesikika. Ulikuwa ukisema, "Kuruka si kazi. Kazi ni kusema."

Hakikusema. Siku hiyo hakikusema, na kesho yake, na mpaka leo.

Mwanaidi alinieleza kwa maneno ninayoyaweza. Kina antena za utepe wa chuma, zimekunjwa, zimefungwa kwa uzi mwembamba. Kikifika juu, kijiwaya kinapata moto, kinakata uzi, antena zinafunguka, kinaanza kusema. Kazi ya uzi ule ilikuwa yake. Walimu wake wamemwambia haijulikani, labda ni betri, labda ni kitu kingine, na vyombo vya wanafunzi vingi hunyamaza hivyohivyo. Hasikii. Kila kikipita juu ya chuo anavaa visikilizio vyake anasubiri. Amekonda, nimemwona kwenye simu, shingo imekuwa kama ya kuku mwenye ugonjwa wa mdondo.

Nikamwambia njoo nyumbani, hitima ya babu yako ya mwaka imekaribia. Akakataa. Mwanaidi, aliyekuwa akilalia mguu wako wa kushoto, akakataa hitima yako. Aliniambia maneno ambayo nimeshindwa kuyameza, "Mama, nimempeleka Babu mahali hawezi kusema wala kurudi. Nije kula pilau yake kwa uso gani?"

Na simu ikawa haipokelewi tena.

Hapo ndipo nilipoogopa, Baba. Chombo ni chombo. Lakini nilimwona mtoto anazunguka huko aliko kama yule wa tatu wako, hasikii mtu. Nikajua asiporudi kwa hitima hii, hatarudi kwa lolote. Atakaa ugenini na aibu yake mpaka azeeke.

Huku nyumbani nako wanawake wa mtaa wakaanza kuja. Hawakujua la kufanya, na mtu asipojua la kufanya Ngamiani anafanya la msiba. Wakaja na sukari, na majani ya chai, wakavua viatu, wakaketi mkekani, wakanishika mkono, "Pole mwenzetu, ndiyo mipango ya Mungu." Kwa kisanduku, Baba. Wengine waliuliza kama kimeonekana. Mmoja akataka kujua kitasomewa wapi. Nikawapandishia sauti. Nikawaambia hapa hakuna aliyekufa, chukueni sukari yenu. Nikafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo hujawahi kuliona katika nyumba yako.

Bi Mwanakombo hafungiwi mlango. Mtani wako yule, unamjua. Siku ya maziko yako ndiye aliyelizuia jeneza mlangoni, akatanua mikono, akasema huyu hatoki kwa mabega, huyu aliniambia anasafiri kwa roketi, ileteni. Wanaume walicheka huku machozi yanawatoka. Basi alipopita uani siku ile nikajiandaa kwa kejeli zake, nikakaza roho. Hakucheka. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi akawa ananitazama, na mimi nikaingiwa na hofu zaidi, maana mtani asipotania kuna jambo.

Akasema, "Baba yako mimi nilijua ni mwongo. Mwongo hodari, anapendeza, lakini mwongo. Sasa nimemwamini."

Nikamuuliza, yaani umesubiri kiharibike ndiyo uamini.

"Ndiyo. Mngetunga, mngetunga kimefika na kinazungumza Kiswahili. Nani anajitungia hasara?" Akajifuta uso na pembe ya kanga. "Basi na yale majukwaa yalikuwapo. Na ile Uhuru yake. Na mimi nimemcheka mtu yule maisha yake yote."

Nilitamani uwe hai kwa dakika hiyo moja tu. Maisha yote ulihangaika waamini, ukachora kwa mkaa ukutani, ukaapa. Halafu unaaminiwa hivi, kwa chombo kibovu, na wewe hupo.

Akaniambia nimpigie mjukuu wako. Nikamwambia hapokei. Akasema basi mpelekee sauti, hiyo ataisikiliza, hata kama hajibu. Nikashika simu, akaisogelea kama anang'ata maikrofoni.

"Wewe mjane. Ni mimi Bi Mwanakombo, mtani wa mumeo. Tunakuja kumpa pole mama yako, anatufukuza kama tumeingia shambani kwake. Na ana haki. Mfiwa si yeye. Mfiwa ni wewe, nawe umejificha huko kwa watu, hujui hata kulia kwa lugha yao. Sisi pole zako tunazo hapa zinaharibika. Rudi uchukue."

Tulikaa. Nilimenya viazi visivyohitajika. Simu ikalia, na ilikuwa sauti yake yenyewe, si ujumbe. Hakuamkia. Alisema tu, "Bibi, watu watanicheka."

"Watakucheka," Bi Mwanakombo akasema. "Mimi ndiye nitakayeanza. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nikasikia mtoto analia, Baba. Analia kwa sauti, kama alivyolia siku aliyoteguka mkono, si kile kilio cha kujibana alichokuwa akinilia mimi. Bi Mwanakombo hakumnyamazisha. Aliishika simu, akawa anasema "ee, ee," mpaka mtoto akamaliza. Kisha akanirudishia akaomba chai, na akaniambia ile sukari niliyoifukuza niirudishe kwa heshima zake.

Anakuja. Alhamisi jioni atashuka stendi.

Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Nyumba ina giza tangu uondoke, na hili nalo limeongeza. Mwanaidi anasema chombo kitakuwa kinashuka kidogo kidogo, na siku moja kitaingia kwenye hewa nzito kiungue, kisibaki hata kibati. Nilimuuliza kama tutaona moto wake. Akasema labda baharini, labda mchana, hakuna atakayejua. Kwa hiyo jina lako litaondoka mara ya pili, Baba, na safari hii hata kukuosha hatutaweza. Nikitoka uani nikatazama juu sioni kitu, lakini natazama. Nakuombea hapohapo nilipo, na mikono yangu ina unga.

Kwaheri, Baba yangu, mpishi wa roketi. Lala. Nakuahidi mtoto huyu sitamwacha anyamaze. Akitaka kuzungumzia uzi wake usiku kucha nitakaa naye, ingawa sielewi nusu yake. Nakuahidi pia sitamtembeza mtaani kumwonyesha watu. Labda kwa jamaa wa Pangani tu, maana wao watakuwa wamesafiri.

Wanakuja wote kwa hitima yako: Pangani, Muheza, shangazi na wanawe, jirani wale niliowafukuza, na mtani wako na mdomo wake. Nimewaambia Ijumaa, baada ya sala.