Barafu ya Ukingoni Meru

Nkoaranga, Jumatano jioni, masika

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jana alfajiri, tukiwa kambini chini ya kilele cha Meru, Mzee Nnko anayetuongoza aliutazama ukingo wa juu. Theluji ya usiku ilikuwa imeganda, inang'aa kama chupa.

"Mwambie Bwana tungoje jua lipande," aliniagiza. "Wapagazi hawana viatu. Atakayepita sasa ataanguka."

Mimi ndiye mkalimani. Nikamwambia Bwana, yule Mjerumani aliyekuja kuupima mlima, kwamba Mzee anahisi baridi, anaomba tupumzike kidogo. Niliogopa kiboko chake.

Bwana akacheka, akasema sisi ni wavivu. Tukapanda.

Mpagazi wetu Yona aliteleza na sanduku la vipimo, akavunjika paja. Tumemshusha kwa machela mpaka leo mchana, akimwita mama yake njia nzima. Bwana alililia sanduku lake tu. Mnyama yule! Na mimi je?

Tulipofika hapa Nkoaranga, Mzee Nnko alinivuta kando. "Mwanangu, ulimwambia maneno yangu yote?"

"Yote, Mzee."

Akanishika bega. "Basi wewe huna kosa. Hawa watu hawasikii."

Heri angenipiga kofi.