Spana Juu ya Sanduku

Jumatatu, 3 Machi

Leo sanduku la Mjomba limekufa. Lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma kuingia gerejini, na Mjomba ndiye aliyesimama kumwelekeza dereva — njoo, njoo, kata kulia, njoo — mpaka lori likapanda juu ya sanduku lake mwenyewe. Kraa! Droo zikatapika soketi hadi kwenye mtaro.

Watu walicheka. Fundi wa umeme alicheka mpaka akatoa machozi, akasema Mzee kaliita lori kama mtu anayeita kuku. Nami nilicheka. Mjomba hakucheka. Alipiga magoti akawa anapapasa chini ya lori, nikadhani anatafuta soketi. Kumbe anatafuta spana ya kipimo, ile inayolia nati ikishakazwa kiasi chake. Alipoipata aliifuta kwa shati, akaiweka sikioni, akaipinda kidogo asikie kama bado inalia tik. Inalia. Hapo ndipo akavuta pumzi.

Spana imepona. Sanduku, basi tena.

Jumanne, 4 Machi

Bosi katoa amri. Hadi mwisho wa wiki ijayo kila fundi awe na sanduku lake, lenye kufuli, asiye nalo ampishe mwingine. Eti vifaa vinapotea mno. Alisema anaongea na wote ila macho yalikuwa kwa Mjomba tu. Mtu mzima anapigwa mafumbo mbele ya vijana! Damu ilinichemka. Nikanyamaza, maana mdomo wangu ulishawahi kutuponza.

Mimi naweza kupata kazi kwingine. Yeye je? Nani atamchukua fundi wa umri ule? Ndugu wa mama yangu, ndiye aliyeniingiza kwenye grisi nilipoacha shule, wakati ukoo mzima unasema msichana gani huyu. Ananiita Bibi kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Sanduku ni letu wote wawili. Magari pia. Mmoja anaanza, mwingine anamalizia.

Na kila mtu pale anaijua kanuni yake. Tairi ukilirudisha, nati unazianza kwa mkono, unashusha gari, spana ya kipimo unaiweka juu ya sanduku. Ikiwa juu, gari halijakazwa, haliondoki hata mwenye gari alie. Ukishakaza unairudisha kwenye droo ya chini, ndipo ufunguo unatolewa. Ndiyo maana wanamwita Mzee Kipimo. Miaka yote hiyo hakuna tairi lililowahi kumtoka.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi katupa ruhusa ya saa chache. Tumekwenda kwa muuza vifaa vya mtumba, kule nyuma ya maghala. Uwanja umejaa masanduku yaliyotoka gereji zilizokufa. Ukiyatazama mengi kwa pamoja unasikia vibaya — kila moja lilikuwa la mtu.

Muuzaji ana maneno! "Dada, hili lilikuwa la fundi wa ndege." Nikamuuliza hiyo ndege ilifika? Akacheka, akaacha kunifanya mgeni.

Sanduku la mtumba halichaguliwi kwa rangi. Unavuta droo mpaka mwisho, unaikandamiza kwa mkono, unaona kama reli zinainama. Unaliinamisha utazame chini, maana kutu hukaa chini. Unalisukuma ujue magurudumu yanakwenda pamoja au kila moja lina safari yake. Kufuli unalifunga na kulifungua mpaka muuzaji akasirike.

Kulikuwa na la kijivu, limepakwa rangi juzi tu. Upande mmoja kiraka cha kuchomelea kikubwa kuliko kiganja changu. Mjomba akasimama mbele yake kabisa, akasema, "Hili bati lake safi, Bibi. Halijaguswa."

Nikadhani ananipima, kama zamani. Nikamwambia, na kiraka je? Akauliza kipi. Muuzaji akatazama pembeni. Mjomba akapeleka mkono taratibu, akakipata kwa vidole, akasema aah, jua linanipiga machoni.

Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Hatujaongea. Tunafanya kazi kwenye meza ya kuazima. Spana ya kipimo anaiweka juu ya pipa la oili. Nimemtazama siku nzima. Hatazami anachokifanya, anakigusa. Tangu lini? Mbona sikuona? Nafanya naye kazi bega kwa bega!

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwake. Alikuwa kibarazani na redio yake. Sikuzunguka. Nikamuuliza, unaona kiasi gani?

Akazima redio. Jicho la kushoto limekwisha, kasema. La kulia ni kama kutazama kupitia kioo cha bafu. Kashaonana na daktari. Si mtoto wa jicho, si kitu cha kutolewa. Ni mshipa wa ndani na haurudi.

Nikamkumbusha lori. Nikamwambia tingo wa lile lori angeweza kuwa amesimama pale badala ya sanduku. Nilisema kwa ukali, kama mtu anayemkemea mtoto. Alikuwa anaikunja na kuikunjua ncha ya shati.

Halafu kasema, "Usimwambie Bosi. Mikono bado inajua kazi. Nikae hapa nifanye nini, Bibi? Nisikilize redio mpaka nife?"

Nimekubali. Naandika hapa ili nijue nimekubali. Masharti yangu ni haya, haingizi wala kutoa gari, na kukaza nati ni mimi siku zote. Kukagua breki mimi. Yeye anafungua, anasafisha, anasikiliza injini — masikio yake hayajazeeka. Akasema sawa. Akanishika mkono akaukamata kwa muda. Nimerudi nyumbani nikilia njia nzima, watu wananitazama.

Jumatatu, 10 Machi

Tumerudi kwa muuzaji. Yamebaki mawili.

La bluu, fupi, pana, juu bapa kama meza. Droo zake zinakwama, reli zimelika, moja inabidi uipige goti. Jekundu, refu, droo zinateleza hata kwa kidole, kila moja ina vishimo vya kulaza vifaa na mpini wake ni tofauti — mwenyewe wa zamani alikuwa akibadilisha kila uliovunjika kwa wowote alioupata. Mpini wa mbao, wa bati, wa kamba. Moyo ukaniruka. Nikamwambia Mjomba shika, huu ni upi? Na huu? Mkono utajua droo bila jicho! Juu ya jekundu kuna mfuniko unaonyanyuka, ndani nafasi ya vidogo vidogo.

Yeye anataka la bluu. Nikauliza kwa nini. "Juu pawe bapa." Nikamwambia spana si utaiweka juu ya mfuniko, kuna nini? Kasema, "Mfuniko unafunguliwa, Bibi."

Sasa hiyo nayo ni sababu? Nikaona ni mazoea ya uzee tu. Nikambishia, nikavuta droo za bluu zikwame makusudi mbele yake. Muuzaji naye akaniunga mkono, maana jekundu ndilo analotaka litoke. Mwishowe Mjomba kainua mikono.

"Haya. Wewe ndiye macho."

Tumechukua jekundu.

Jumatano, 12 Machi

Nimelipanga leo. Raha! Soketi droo ya mbao. Spana droo ya bati. Spana ya kipimo droo ya chini kabisa, ya kamba, imelala kwenye kishimo chake utadhani vilipimwa pamoja. Koleo, tepu, taa ya kupimia, glavu, vyote chini ya mfuniko. Mjomba kapitisha vidole droo hadi droo akitaja vilivyomo kwa sauti ya chini. Kakosea kimoja tu.

Bosi kaja, kajaribu kufuli, kasema vizuri. Hakusema zaidi ya hapo na mimi sikuhitaji zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku njema. Niliomba soketi kutoka chini ya gari, nikawekewa mkononi kabla sijamaliza kuitaja. Mfuniko una mgongo kidogo, spana ikiwekwa juu inataka kuteleza. Nimeitandikia kitambaa. Mjomba kauliza, itakaa? Nimemwambia itakaa.

Fundi wa umeme anasema sanduku letu lina droo nyingi kuliko magari yanayokuja. Mwache aone wivu.

Jumamosi, 15 Machi, mchana

Naandika hapa hapa gerejini, nimekaa juu ya tairi. Mikono isipopata kitu cha kushika itanitoka. Niandike ilivyokuwa, kwa utaratibu.

Asubuhi lilikuja gari dogo jeupe la Mwalimu, mama mmoja mteja wetu wa siku nyingi. Pedi za breki za mbele. Anasafiri kumwona mama yake mgonjwa, barabara ndefu, ana haraka. Mjomba kafungua, kasafisha. Mimi nikafunga pedi, nikarudisha matairi, nati nikazianza kwa mkono, nikashusha gari. Spana ya kipimo nikaiweka juu ya mfuniko, juu ya kitambaa. Kanuni.

Bosi akaniita ofisini, dakika moja. Nilipotoka fundi wa umeme alikuwa ananisubiri kwenye sanduku, anaomba koleo. Koleo liko chini ya mfuniko. Nikainua spana nipate kufungua. Nikampa koleo. Akasema kwa utani, haya, nionyeshe basi hilo kabati lenu la kifahari. Na mimi — mimi! — nikavuta droo ya kamba nikailaza spana kwenye kishimo ili aone inavyokaa. Nikasukuma droo kwa kidole, ikateleza ikajifunga yenyewe. Akapiga mluzi. Nikafurahi. Hapo hapo nikaitwa kusaidia kusukuma basi dogo lililokufa getini, nikakimbia.

Mjomba alikuwa anaosha mikono. Akarudi. Mwalimu anauliza, Mzee, tayari? Mjomba akapapasa juu ya mfuniko. Hakuna kitu. Akainama, akafungua droo ya kamba, akagusa. Spana imo. Akampa ufunguo.

Alifanya vile vile anavyofanya siku zote.

Mimi niko getini nasukuma basi na gari jeupe likapita ubavuni mwangu. Mwalimu kanipungia. Nikampungia!

Ni fundi wa umeme aliyerudisha koleo. Nikashika mfuniko kuufungua, mkono ukasimama. Kitambaa kilikuwa chini sakafuni. Nikajiuliza, asubuhi niliitoa hapa juu nikaipeleka wapi ile spana? Nikamwuliza Mjomba kama amekaza gari la Mwalimu.

"Si kukaza ni wewe? Spana ilikuwa ndani."

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya mfuniko. Akaupapasa, akaelewa. Akasema polepole, "Uliufungua mfuniko."

Fundi wa umeme hakuuliza hata swali. Kachukua jeki na spana ya kipimo kaondoka na pikapu, na hakuna utani uliomtoka. Lakini Mwalimu amemtangulia mbali, na baada ya daraja ni mteremko mtupu. Nati za kuanzwa kwa mkono! Zinaweza kukaa kitambo. Zinaweza zisikae. Nampigia tangu hapo, simu inaita mpaka inakata. Anaendesha, hapokei akiendesha, ndivyo alivyo, mtu mwangalifu. Namwomba Mungu leo asiwe mwangalifu.

Mjomba kasema anakwenda kwa Bosi. Nikamwambia usithubutu, mkosaji ni mimi, ningojee nimpate Mwalimu kwanza, tutaingia wote. Kasema ataeleza habari ya macho. Atasema aliyetoa ufunguo ni yeye na hakuona. "Mimi nimeshakwisha, Bibi. Wewe bado una magari mengi mbele." Nikamshika shati. Kaniondoa vidole kimoja kimoja, bila hasira.

Sasa anakwenda. Namwona. Mkono mmoja ukutani, anahesabu milango. Kaupita wa ofisi, karudi nyuma hatua, kaupata. Nikimkimbilia nitaiacha simu. Nikikaa na simu atayasema yote, na Bosi atamwamini, maana ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Alitaka la bluu. Alinieleza na sababu, kwa maneno matatu. Nami nilimwona mzee mbishi.

Napiga tena. Inaita.

Mlango wa ofisi umefungwa.

Inaita.

Imepokelewa! Si Mwalimu — ni mwanamume, na nyuma yake watu wengi wanaongea kwa pamoja. Nasema jina la Mwalimu. Anauliza mimi ni nani wake.