Swithin wa Kwanza

Norwich, 9 Novemba

Mdogo wangu mpendwa Ambrose,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko Leeds, na goti limepoa? Mimi mzima, ila mvua haituachi na paka amezeeka kunizidi.

Tangu tumzike Baba nimekuwa nikienda kila Jumanne kwenye nyumba ya kumbukumbu, kusoma madaftari ya kanisa. Unakumbuka Jumapili alivyotuzungusha vichochoroni, mifuko imejaa keki ya tangawizi, akituonyesha madirisha ya juu walikofanyia kazi wafumaji wa sufu? Alikuwa akisema akina Swithin walikuwa mabwana wa jiji hili tangu enzi za mfalme aliyekatwa kichwa, nawe nyuma yake ukimwiga mwendo mpaka nashika mbavu kwa kucheka. Nazitamani mno siku zile.

Basi nilitaka kumpata bwana huyo. Mtunza madaftari, Bi Thirza, alinitania kwamba kila mtu huja kutafuta babu aliyekuwa lodi, mwenye cheo na ardhi, akarudi kwake na mwizi wa kondoo. Nilicheka. Jumanne iliyopita sikucheka. Swithin wa kwanza nimempata, mwaka 1641, hana baba wala mama: kichanga kilichookotwa barazani mwa kanisa la Mtakatifu Swithin, kimeviringishwa kwenye kipande cha aproni. Bi Thirza alinieleza kuwa ndivyo walivyofanya zama hizo. Mtoto asiye na mwenyewe alibatizwa kwa jina la mtakatifu wa kanisa lile, akapewa mama wa kumnyonyesha, na alipokua akapelekwa kwa mfumaji kujifunza kazi.

"Damu ya Swithin haipo, mama," aliniambia. "Lipo jina tu, na watu waliolibeba."

Nililia palepale, maana nilikufikiria wewe, uliyeletwa kwetu una miaka minne, na siku ya mazishi ukakataa kukaa kiti cha mbele, ukisema ni cha watoto wa damu.

Sasa niseme lililonikaa rohoni miaka hamsini. Ulipokuwa na miaka kumi na sita ulifungua Biblia ya nyumbani, penye orodha ya majina yetu, ukakuta langu lipo na lako halipo. Baba aliposhika kalamu akuandike, ulimwambia asijisumbue, na tangu hapo ukawa mgeni kwetu. Ambrose, alikuwa amekwisha kukuandika, siku ileile uliyofika. Mimi nililikwangua jina lako kwa wembe wake, nikiwa na miaka tisa, kwa wivu tu, kwa kuwa wewe alikubeba mabegani na mimi nikatembea. Alijua ni mimi. Alinyamaza ili usinichukie, akaenda na hasira yako mpaka kaburini.

Wasalimie Petra na watoto. Mimi sikuombi unisamehe, wala unijibu. Msamehe Baba.

Ni mimi dada yako,
Winifred Swithin