Kitabu cha Nyuki Kiko Ghorofa ya Tatu

Quebec, 4 Machi

Kwa Baba,

Pokea salamu za bintiyo. Mimi mzima, ila mafua ya mji huu hayana adabu. Goti lako je? Utomvu wa mepo wa kupikia shira umeanza kutoka, au miti bado inakuringia?

Huku maktabani nimepewa mtihani. Kuna vitabu mia mbili na kumi na vinne ambavyo kompyuta inasema vipo, ukienda rafuni huvioni. Wanafunzi wa chuo wanavitafuta mpaka wananuna. Mkuu wetu, Bibi Thibodeau, kanipa hadi tarehe thelathini Aprili. Nisipovipata vitafutwa kwenye orodha kana kwamba havijawahi kununuliwa, na mkataba wangu hautaongezwa. Nitarudi kwako Beauce kukuchochelea kuni.

Wewe ulisafisha jengo hili miaka thelathini na moja. Hukuwahi kuona mwizi? Bibi Thibodeau bado anakutolea mfano: "Réjean hakusogeza hata kiti bila ruhusa." Ile saa waliyokuaga nayo ulipostaafu bado inatembea?

Mwanao,
Ghislaine

Beauce, 11 Machi

Kwa binti yangu,

Salamu zimefika, na mafua yako nimeyasikia hadi kwenye karatasi. Tia shira kwenye chai uachane na vidonge. Goti linalalamika likiona ngazi tu. Utomvu unatiririka: usiku barafu, mchana jua, mepo haitaki kingine.

Kuhusu vitabu, mwizi sikumwona. Labda vina miguu. Siandiki mengi, sufuria ya shira inachemka.

Baba yako

Quebec, 14 Aprili

Kwa Baba,

Hujambo? Nauliza kwa dhati, maana hii ni barua yangu ya tatu bila jibu, na simu yako inaita weee hadi inachoka. Sufuria gani hiyo ya mwezi mzima? Jirani yako Fernande kaniambia utomvu ulikwisha wiki iliyopita, na wewe unashinda dirishani.

Nimepata vitabu tisa tu. Leo nimekuta kimoja cha kufuga nyuki katikati ya vitabu vya mapishi, ghorofa mbili mbali na kwao. Ndani kuna kikaratasi cha penseli: "Tafadhali msikihamishe. Nilikuja kutafuta keki ya asali, sasa nina mizinga minne." Chini yake mkono mwingine umeandika: "Mimi miwili."

Lakini hayo tuyaache. Kama unaumwa, niambie. Naogopa, Baba.

Ghislaine wako

Beauce, 17 Aprili

Binti yangu,

Siumwi. Naona haya.

Sheria unaijua: kitabu kilichoachwa mezani, msafishaji anakiweka kwenye toroli, rafu hazimhusu. Miaka miwili ya kwanza niliishika sheria. Alfajiri moja nikaokota hicho cha nyuki, nikaangalia kinaporudishwa. Unajua wapi? Kati ya vitabu vya chawa na kunguni! Mtu anakupa asali, wewe unamlaza na kunguni? Nikakipeleka jikoni, kwenye rafu ya mapishi, kwa watu wanaomheshimu.

Basi, mkono ukazoea. Cha mafundo ya mabaharia nilikipeleka kwa madaktari, maana niliwaona vijana wao wakijifunza kushona vidonda kwa kamba za viatu. Cha theluji nikakiweka kwa waashi, kwa sababu theluji ndiyo inayoangusha mapaa yetu. Niliamini nawasaidia watu. Kumbe nilikuwa nakuchimbia shimo wewe, mwanangu, na uliponiuliza nikajificha nyuma ya sufuria.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ni mimi. Ninavyovikumbuka nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Vingine, soma jina la kitabu na ujiulize, "Réjean angekilaza wapi?" Halafu umwambie Bibi Thibodeau jina langu, usinifiche. Saa yao naifunga kwenye boksi.

Baba yako, mwizi wako

Quebec, 29 Aprili

Baba,

Fungua hilo boksi, uirudishe saa ukutani.

Tumepata vyote isipokuwa vinane. Hivyo vinane nadhani vina mwizi wa kweli. Nilipomtajia Bibi Thibodeau jina lako, aliketi. Akasema, "Miaka ishirini na tisa anafanya hivi, na mimi namsifia!" Alifura kweli, Baba. Kisha akaanza kusoma vile vikaratasi vya penseli. Tumevikuta sitini na kimoja. Alipofika kwa yule wa mizinga minne, alicheka hadi miwani ikaanguka.

Hukumu yake ni hii. Kila kitabu kinarudi kwao, sheria ni sheria. Lakini pale ulipokiweka wewe, tunasimamisha kibao chenye unene wa kitabu, mgongoni kimeandikwa: "Kitabu cha nyuki kiko ghorofa ya tatu." Vibao mia mbili na sita, na adhabu yako ni kuvichonga wewe, kwa mbao za mepo. Mkataba wangu umeongezwa miaka miwili!

Mwanao mwenye kazi,
Ghislaine

Beauce, 20 Mei

Binti yangu,

Goti halijambo, vidole ndivyo vinavyoomba likizo. Vibao vinakuja na gari la Fernande. Vihesabu, usije ukasema nimeficha kimoja.

Lakini kimoja nimekificha. Nilichonga mia mbili na saba. Tangu uhamie mjini, asubuhi huwa naweka sahani mbili, kisha narudisha moja kabatini. Sasa kwenye kiti chako nimesimamisha kibao: "Ghislaine yuko Quebec, maktabani, ghorofa ya tatu. Atarudi mwezi Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana." Fernande anasema nimerukwa na akili. Mimi nasema nimekukumbuka sana, basi.

Baba

Quebec, 24 Mei

Baba,

Mimi mzima, vibao vimetimia, tayari watu wanavifuata.

Hicho cha kitini kiondoe. Nakuja Ijumaa kwa basi la saa kumi. Sahani ya pili usiirudishe kabatini.

Ghislaine