Maelezo ya Kassimu Hemedi kuhusu kifo cha Hippolyte, mtu wa baruti

POSTE YA POLISI YA TERITORI, KABAMBARE

Jina la shahidi: Kassimu Hemedi
Umri: miaka thelathini na miwili hivi
Kazi: fundi wa umeme, gereji ya mgodi, Salamabila
Makazi: kambi ya wafanyakazi, nyumba namba 41, kwao ni Kasongo mjini
Yamechukuliwa tarehe 19 Juni 1957, kuanzia saa tatu asubuhi, na karani Grégoire Mulonda.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya bila kulazimishwa. Kwanza iandikwe kwamba sikuitwa. Nimekuja mwenyewe, siku mbili njiani, nusu kwa lori la pamba na nusu kwa miguu. Karani ameniuliza mara mbili kama nina hakika nataka kuandikwa. Nina hakika, na asiniulize mara ya tatu.

Hippolyte Kalonda, mtu wa baruti wa machimbo ya mgodi wetu, alikufa Jumamosi tarehe 8 Juni. Mgodi unasema alilipua kabla ya kipenga, kwa uzembe wake. Tangu Jumatatu tarehe 10, kila siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa tumesimama mstarini kuitwa majina, jina lake linasomwa mbele ya watu wote kuwa mfano wa mtu mzembe. Mke wake Louise, mwenye watoto wanne, ameambiwa atoke kwenye nyumba ya kambi kabla ya Jumamosi hii. Hippolyte hakuwa mzembe. Nimekuja kusema baruti ile ililipuliwa na nini, na mkono wa nani.

Tangu mwaka jana, mwezi wa kumi, nilikuwa namsaidia Bwana Delvigne, injinia wa mgodi, kwenye mchezo wake wa ndege. Watu wa kambi wanamwita Bwana Ndeke, yaani Bwana Ndege. Ndege yenyewe ni ya mbao nyepesi kuliko bua kavu la muhogo, na mabawa yake mawili pamoja yanapita kidogo urefu wa mke wangu. Haina mtu ndani wala kamba. Chini anabaki mtu na emeteri, yaani sanduku la kupeleka mawimbi, lenye betri nzito na antena ndefu kunishinda, na kitufe kwenye waya. Ukibonyeza kitufe mara moja, usukani wa mkiani unakwenda kulia. Ukiachia, unarudi katikati. Ukibonyeza tena, unakwenda kushoto. Haikuulizi unataka wapi, inafuata zamu. Ukisahau umebonyeza mara ngapi, wewe unataka kushoto, yenyewe inakupeleka kulia. Bwana Delvigne alisahau mara nyingi, na ndege tukaiokota vipande vipande kwenye mashamba ya watu. Mimi sikusahau hata siku moja.

Kazi ya kuitayarisha ilikuwa yangu. Ndani ya ndege mna kipokezi kidogo, na ndani yake mna skrubu ya kukifanya kisikilizane na emeteri. Skrubu hiyo huwezi kuizungusha kwa bisibisi ya chuma, chuma kinaharibu kipimo, kwa hiyo nilichonga kijiti cha mwanzi. Unazungusha polepole huku unatazama mshale wa saa ya kupimia umeme, mpaka mtu akibonyeza kitufe mshale unaanguka. Lakini kabla ya hayo yote lazima ujue emeteri yenyewe inatoa mawimbi. Kwa hilo nilikuwa na kitanzi cha waya na taa ndogo ya tochi iliyounganishwa hapo. Hakina betri. Unakisogeza karibu na antena, unabonyeza, taa inawaka yenyewe. Kila Jumapili niliwasha taa ile, na watu walikuja kushangaa. Naomba karani asiruke maneno haya ya taa.

Tarehe 8 Juni Bwana Delvigne alitaka kupima umbali, kwa sababu Jumapili iliyotangulia ndege ilikuwa imeacha kusikia na kupotelea porini. Siku zote tulipimia uwanja wa mpira, lakini siku hiyo palikuwa na mechi. Saa kumi jioni akanionyesha barabara ya machimbo.

Akasema: "Kassimu, kwenda mbali, hatua mia ine. Kila hatua makumi tano, simama, finya. Mimi nabaki kwa ndeke. Usukani ikitembea, napunga kitambaa."

Nikasema: "Bwana, kule ni kwa baruti."

Akasema: "Baruti ni saa kumi na moja. Sasa iko saa kumi."

Ilikuwa kweli. Baruti ya jioni hupigwa saa kumi na moja, na kabla yake kapita Jean-Baptiste, msimamizi wa machimbo, hupiga kipenga mara tatu. Nikabeba emeteri mgongoni nikaenda. Hatua hamsini nikasimama, nikabonyeza, kitambaa kikapungwa. Hatua mia, kikapungwa. Niliendelea hivyo mpaka hatua mia tatu, na nilikuwa nimebonyeza mara sita.

Baada ya hapo nilimwona Hippolyte chini ya ukingo wa jiwe, kama mita thelathini kutoka barabarani. Alikuwa ameanza mapema kwa sababu ilikuwa siku ya posho na alitaka kurudi nyumbani kwake. Aliponiona akacheka kwa sauti.

"Kassimu! Weye mutu wa Kasongo, umezaa lini? Mutoto iko na antene!"

Nikamwambia: "Baba yake ni weye, njoo umubebe."

Mimi na Hippolyte tulitaniana hivyo kwa miaka sita. Yeye Mkristo, kwao Wamaza, mimi Mwislamu wa Kasongo, hakuna tusi la utani ambalo hatukupeana. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Hatua ya mia tatu na hamsini ilifika mahali ambapo waya wake wa kulipulia ulilazwa kando ya barabara. Nyaya zilikuwa mbili, kutoka kwenye baruti mpaka kwenye mashini ya kulipulia. Mashini haikuwa imeunganishwa. Ncha za nyaya alikuwa amezisokota pamoja, kama sheria ya baruti inavyotaka, ili umeme wowote usiingie. Niliziona kwa macho yangu. Sanduku lilikuwa limenichosha, nikaliweka chini palipo sawa, na palipo sawa palikuwa juu ya nyaya zile. Antena ikasimama kando yao. Nikageuka kumtazama Bwana. Nikabonyeza.

Jiwe likapasuka. Upepo wake ulinitupa chini. Nilipoinua kichwa, vumbi likiwa bado linashuka, niliona kule alikobaki Bwana kitambaa cheupe kinapungwa. Usukani ulikuwa umekwenda kulia. Saa ya mkononi ilionyesha saa kumi na dakika ishirini.

Mimi ndiye wa kwanza kumfikia. Sitaeleza alivyokuwa, Louise anaweza kusomewa maneno haya. Nitaeleza kitu kimoja tu. Mashini ya kulipulia ina mkono wake wa kuzungusha, na bila mkono ule haiwezi kulipua. Mtu wa baruti huuchomoa na kuuvaa shingoni kwa kamba, asije mtu mwingine akacheza naye akiwa bado kwenye mashimo. Mkono ule ulikuwa shingoni mwake. Niliufungua mimi, kwa vidole hivi. Jean-Baptiste alifika mbio akiuliza, "Nani analipua? Nani?" Bwana Delvigne alipofika nilimpa ule mkono, akautia mfukoni.

Jumanne tarehe 11, karatasi ya mgodi ilisomwa kambini. Ilisema mkono umekutwa kwenye mashini.

Nilikwenda kwa Bwana Delvigne siku hiyohiyo. Nikamwambia habari ya mkono, na habari ya sanduku langu juu ya nyaya. Alikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Akasema: "Kassimu, ile ni mchezo. Mchezo haiue mutu. Usimutie Louise mambo mingi kichwani."

Jumapili tarehe 16, saa nane mchana, niliingia stoo nikaitoa emeteri. Nilichukua waya mzee wa baruti, urefu uleule, nikasokota ncha zake pamoja. Upande wa pili, mahali pa baruti, nikafunga taa ya tochi. Nikaulaza chini, nikaweka sanduku juu yake, nikabonyeza. Taa iliwaka. Nilibonyeza tena, ikawaka tena. Niliketi pale stoo nikalia, na sioni aibu kuandikisha hilo. Waya wa Hippolyte ulikuwa kitanzi kama changu cha kila Jumapili. Kilichotofautiana ni kitu kilichofungwa mwishoni.

Asubuhi yake emeteri haikuwepo tena stoo. Hapo nikaondoka kuja huku.

Nimeulizwa kama nilisikia kipenga. Sikusikia, kwa sababu hakikupigwa. Kilikuwa bado mkononi mwa Jean-Baptiste. Hakikupigwa kwa sababu saa ya kulipua ilikuwa haijafika, na Hippolyte hakuwa analipua.

Nimeulizwa kama nilijua kwamba mawimbi yanaweza kuingia kwenye waya. Nilijua. Niliwaonyesha watu jambo hilo, nikajiona fundi. Ila sikufikiri hata mara moja kwamba waya wa baruti nao ni waya. Hapo ndipo panaponiuma, na hapo hakuna wa kunisaidia.

Nimeulizwa kama nina chuki na Bwana Delvigne. Kabla ya Jumanne ile sikuwa nayo. Alinifundisha mambo mengi kwa uvumilivu.

Nimeulizwa nataka nini. Nataka jina la Hippolyte liondolewe kwenye kusomwa asubuhi, na Louise aachwe kwenye nyumba yake. Kama lazima jina la mzembe lisomwe, lisomwe langu. Nitakuwa mstarini na nitaitika. Nikifungwa, nifungwe.

Louise hajui. Siku niliyoondoka alinifungia muhogo na samaki wa njiani, akaniambia, "Kaka Kassimu, Mungu akulinde, weye ndiye rafiki yake aliyebaki." Nimeula muhogo ule kwa sababu njaa ilinishinda.

Nimesomewa maneno haya kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni yangu yote, siyapunguzi wala siyaongezi.

(Sahihi) Kassimu Hemedi

MAANDIKO YA KARANI

Maelezo haya yamemalizika saa sita mchana. Shahidi ana akili timamu, hakunywa kitu. Ameomba awekwe mahabusu. Nimemjibu kwamba hakuna mashtaka juu yake.

Saa tisa alasiri nimemtafsiria Bwana Ajenti wa Teritori maelezo yote. Amesema habari za ndege ya kuchezea hazihusiani na faili, na kwamba mkono wa mashini umekwisha kuelezwa na mgodi. Kwa agizo lake nimeandika nakala ya Kifaransa yenye mistari miwili: kwamba shahidi alikuwa karibu na mahali pa mlipuko, na kwamba hakusikia kipenga. Nakala imetumwa mgodini leo hii, kuthibitisha kosa la marehemu.

Shahidi hajui. Aliondoka saa saba, akisema anawahi kumwambia mjane mwenyewe kabla ya Jumamosi.

(Sahihi) G. Mulonda, karani