Mgonjwa wa Kuigiza

Mpanda, Jumatano, masika ya 1976

Mvua imenyesha tangu asubuhi, na matope ya huko njiani yameninyang'anya ndala moja. Hata hivyo moyo umetulia. Ni muda mrefu haujatulia hivi.

Wiki iliyopita mwalimu wa wanafunzi wa famasi alikuja kanisani kwetu kutafuta akina mama wa kujifanya wagonjwa, ili vijana wake wajifunze kuhudumia watu kabla hawajaachiwa dirisha la dawa. Wenzangu wa kwaya walikataa, wakasema kuigiza ugonjwa ni uchuro. Mimi kwa kiherehere changu nikakubali.

Leo nimefundishwa la kusema. Nina kikohozi, nataka vidonge vya rangi mbili, na nikiulizwa kama nina mimba nijibu hapana. Mwalimu akanisifu kwamba najua kukohoa. Sikumwambia kuwa kikohozi ni changu kweli, wala kwamba vidonge hivyohivyo vya rangi mbili nimeshavinunua mnadani na nilipanga kuanza kuvimeza leo jioni.

Na kuna jingine sikumwambia.

Aliyenihudumia ni mwanafunzi mmoja, kijana wa kijiji cha Sibwesa. Aliniamkia, akanisogezea kiti, akawaomba wenzake wakae mbali kidogo. Kisha akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani mama. Siku zako unaziona?"

Jibu nililofundishwa nilikuwa nalo. Halikutoka. Mimba mbili zimeniharibikia, na hii ya tatu sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Kuificha nimeweza. Kuikana kwa mdomo wangu mwenyewe niliogopa, isije ikanisikia.

"Mwezi wa pili huu sijaziona," nikasema.

Mwalimu akaweka kalamu chini, akanitazama. Kijana hakumwona.

"Basi mama, vya rangi mbili sikupi," akasema. "Vinaweza kumdhuru mtoto. Hata kama vipo nyumbani, usivimeze. Tutakutafutia dawa nyingine."

Mtoto. Mimi mwenyewe nilikuwa sijathubutu kumwita hivyo.

Nilitoka nikilia, na nyuma yangu wanafunzi wakawa wanasifu jinsi mama yule anavyojua kuigiza. Mwalimu alinifuata nje, akanishika mkono, akaniambia nije kliniki kesho asubuhi, atanipokea mwenyewe. Nilipofika nyumbani nilivitumbukiza vile vidonge chooni. Ee Mungu, asante. Asante pia kwa huyo mwalimu anayewafundisha watoto wa watu kuuliza kwanza, tena kwa adabu.

Mume wangu aliporudi kutoka shambani nilimwambia yote, hata kabla hajaweka jembe. Alikaa kizingitini, akajifuta macho kwa mkono wenye udongo. Kisha akauliza nani mwingine anajua.

Nikamwambia ni mwalimu, na kijana mmoja wa Sibwesa, ambaye mpaka sasa anadhani nilikuwa naigiza.